Émile Baudot

Jean-Maurice-Émile Baudot (Magneux, Ufaransa, 11 Septemba 1845 – Sceaux, Ufaransa, 28 Machi 1903) alikuwa fundi na mhandisi wa telegrafu kutoka nchini Ufaransa. Anakumbukwa kwa kubuni mtambo uliowawezesha makarani kadhaa kutumia waya mmoja wa telegrafu kwa zamu za haraka sana, pamoja na msimbo ambao ndani yake kila herufi ina alama tano za urefu uleule. Jina lake limebaki katika kipimo cha baudi, ambacho huonyesha ni alama ngapi zinapita katika njia ya mawasiliano kwa sekunde moja.

Mafundi wa mitandao ya kompyuta hukutana na kipimo hicho hadi leo, hasa wanapounganisha kompyuta na ruta mpya kwa waya ili kuisanidi kwa mara ya kwanza. Wengi huchagua namba 9600 bila kujua kwamba jina la kipimo hicho linatokana na mtoto wa mkulima ambaye elimu yake ya darasani iliishia shule ya msingi.

Maisha ya awali

Baudot alizaliwa katika kijiji cha Magneux, mkoa wa Haute-Marne, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa. Baba yake, Pierre Émile Baudot, alikuwa mkulima na baadaye akawa meya wa kijiji hicho. Émile alisoma katika shule ya msingi ya hapo kijijini. Hakupata elimu nyingine ya darasani. Alipomaliza alifanya kazi katika shamba la baba yake kwa miaka kadhaa.

Mwaka 1869 alijiunga na idara ya telegrafu ya serikali akiwa karani mwanafunzi. Idara ilimfundisha kutumia mtambo wa Morse, kisha ikampeleka kwenye mafunzo ya miezi minne kuhusu mtambo wa Hughes, ambao ulichapa herufi za kawaida kwenye utepe wa karatasi. Mafunzo hayo ndiyo yaliyompa wazo la kazi yake ya baadaye.

Vita kati ya Ufaransa na Prussia ilipoanza mwaka 1870, alitumikia jeshini kwa muda mfupi. Mwaka 1872 alirudi kwenye kazi ya kiraia mjini Paris. Wakubwa wake walimtia moyo atafute njia ya kupitisha ujumbe mwingi katika waya mmoja, ila afanye utafiti huo kwa muda wake mwenyewe, baada ya saa za kazi.

Telegrafu kabla ya Baudot

Katika miaka hiyo telegrafu ilikuwa njia ya haraka kuliko zote ya kupeleka habari mbali. Tatizo lake kubwa lilikuwa gharama ya waya. Kusimika nguzo na kuvuta waya kutoka mji hadi mji kuligharimu fedha nyingi, lakini waya ukishafungwa ulitumiwa na karani mmoja tu kwa wakati mmoja. Karani aliposita ili kusoma neno linalofuata, waya ulikaa bure.

Msimbo wa Morse ulikuwa na ugumu mwingine. Herufi zake hazina urefu sawa: E ni nukta moja, Q ni alama nne, na tarakimu 0 ni mistari mitano. Ukihesabu na nafasi zilizo kati ya mistari, 0 huchukua muda mara 19 ya ule wa E. Sikio la binadamu lililozoezwa huweza kufuata mwendo huo usio sawa. Mashine ya karne ya 19 ilishindwa kujua kwa urahisi ni wapi herufi moja inaishia na nyingine inaanzia.

Wavumbuzi wengine walikuwa wamekwisha kugusa sehemu za jibu. David Edward Hughes alikuwa ametengeneza mtambo wenye vibao kama vya piano, ambamo gurudumu la herufi la mtumaji na lile la mpokeaji yalizunguka kwa kasi moja. Bernard Meyer, Mfaransa aliyefanya kazi ya telegrafu, alikuwa ameonyesha kwamba makarani kadhaa wanaweza kupokezana waya mmoja. Wazo la kuandika herufi kwa mafungu ya alama tano lilikuwa la zamani zaidi; Francis Bacon wa Uingereza alilitumia katika maandishi ya siri mwanzoni mwa karne ya 17. Baudot aliyaunganisha mawazo hayo katika mtambo mmoja uliofanya kazi.

Mtambo wa Baudot

Tarehe 17 Juni 1874 Baudot alipata hataza ya mtambo wake. Mtambo huo ulisimama juu ya mambo matatu: msimbo, zamu na mwendo wa pamoja.

Msimbo

Kila herufi iliandikwa kwa nafasi tano. Katika kila nafasi mkondo wa umeme ulikuwa wa aina moja kati ya mbili. Kwa hiyo idadi ya mafungu yanayowezekana ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani 32. Idadi hiyo inatosha kwa herufi za alfabeti lakini haitoshi kwa herufi, tarakimu na alama za uandishi kwa pamoja. Baudot alitatua jambo hilo kwa kutenga mafungu mawili ya kubadilisha ukurasa: moja humwambia mpokeaji kwamba alama zinazofuata ni herufi, na jingine kwamba ni tarakimu na vituo. Kwa lugha ya leo, kila moja ya nafasi hizo tano ni biti.

Zamu

Katikati ya mtambo palikuwa na duara lenye vipande vya shaba, na juu yake brashi ya chuma iliyozunguka ikiendeshwa na mitambo kama ya saa. Duara liligawanywa katika sehemu, na kila karani alikuwa na sehemu yake. Brashi ilipopita kwenye sehemu ya karani wa kwanza, alama zake tano ziliingia kwenye waya. Mara ikafika kwa wa pili, wa tatu na wa nne, kisha ikarudi kwa wa kwanza. Duara lilizunguka mara 180 kwa dakika, kwa hiyo kila karani alituma herufi 3 kwa sekunde, sawa na maneno yapatayo 30 kwa dakika. Makarani wanne walituma maneno 120 katika waya uleule.

Mwendo wa pamoja

Upande wa mpokeaji kulikuwa na duara na brashi kama hizo. Zamu hazikuwa na maana yoyote kama brashi mbili hazikuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Brashi ya Paris ikiwa kwa karani wa pili huku ya Bordeaux ikiwa kwa wa tatu, kila mpokeaji angepata ujumbe wa mwenzake, au herufi zisizosomeka. Hakuna saa mbili zinazokwenda sawa daima, hivyo sehemu ndogo ya duara haikupewa karani yeyote. Iliachwa kwa ajili ya alama ya kusahihisha, ambayo katika kila mzunguko iliirudisha brashi ya mpokeaji kwenye nafasi yake kabla tofauti haijawa kubwa.

Uamuzi huo wa kutoa sehemu ya waya kwa kazi isiyobeba ujumbe wowote ndio uliofanya mtambo mzima uwezekane. Karibu kila njia ya mawasiliano ya kidijitali iliyokuja baadaye imelazimika kufanya hivyo kwa namna yake.

Kazi ya makarani

Karani wa mtambo wa Baudot alikuwa mbele ya vibao vitano tu. Viwili vilibonyezwa kwa mkono wa kushoto na vitatu kwa mkono wa kulia. Alipaswa kukariri fungu la kila herufi na kubonyeza vibao vyake kwa pamoja, kama mpiga kinanda. Vibao vilifungwa hadi brashi ipite, ndipo vikaachiliwa. Mlio mdogo ulimjulisha karani kwamba zamu yake imefika.

Hapakuwa na nafasi ya kuchelewa wala kuwahi. Aliyepoteza mapigo alipoteza herufi. Kazi hiyo ilihitaji mazoezi marefu, na hilo lilikuwa lawama kubwa iliyotolewa dhidi ya mtambo huo. Upande wa kupokea ulikuwa na nafuu, kwa sababu mtambo wenyewe ulifasiri alama na kuchapa herufi za kawaida kwenye utepe wa karatasi.

Majaribio na gharama

Mtambo ulijaribiwa kwenye waya wa kweli tarehe 12 Novemba 1877, kati ya Paris na Bordeaux. Mwishoni mwa mwaka huo ulianza kutumika pia kati ya Paris na Roma, umbali wa kilomita 1,700 hivi. Mwaka uliofuata Baudot alipewa medali ya dhahabu kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris ya 1878, na sifa zake zikavuka mipaka ya Ufaransa.

Hata hivyo sifa hazikuja na fedha. Idara ilimpa msaada mdogo kwa ajili ya utafiti, na mara nyingi Baudot alilipia vifaa na majaribio kutoka mfukoni mwake. Mwaka 1880 aliuza ile medali ya dhahabu ili aendelee na kazi. Mwaka huohuo alipandishwa cheo kuwa msimamizi, na mwaka 1882 akawa mkaguzi-mhandisi, cheo kilichokuwa cha juu kwa mtu ambaye hakuwahi kusoma chuo cha uhandisi.

Kesi ya Mimault

Mafanikio yake yalifuatwa na kesi ndefu. Louis Victor Mimault, naye mfanyakazi wa telegrafu nchini Ufaransa, alikuwa amepata hataza mwaka 1874 ya mfumo wa alama tano uliotumia nyaya tano. Idara iliukataa. Mimault aliubadilisha kwa kuongeza mbinu za Meyer, na idara ikaukataa tena. Wakati huo Baudot alikuwa amekwisha kupata hataza yake, wiki chache kabla ya ile mpya ya Mimault.

Mwaka 1877 Mimault alimshtaki Baudot, akidai kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Mahakama ya Paris ilisikiliza wataalamu watatu wasio wa idara ya telegrafu. Iliamua kwamba Mimault ndiye wa kwanza kubuni msimbo, na kwamba hataza za Baudot zilikuwa maboresho ya kazi hiyo. Uamuzi huo haukumridhisha yeyote kati yao. Baadaye ulifutwa, na Mimault akaamriwa kulipa gharama zote za kesi.

Hukumu hiyo ilimharibu Mimault. Aliwahi kuwapiga risasi na kuwajeruhi wanafunzi wa chuo cha École Polytechnique, lakini mashtaka yakaondolewa. Kisha alidai hataza zake ziongezewe muda kwa sheria maalumu, alipwe faranga 100,000 na apewe nishani ya heshima ya taifa. Kamati iliyoongozwa na Jules Raynaud, mkuu wa utafiti wa telegrafu, iliyakataa madai hayo. Mimault alimpiga Raynaud risasi akamuua. Alihukumiwa kazi ngumu kwa miaka 10 na uhamisho wa miaka 20.

Wanahistoria wa teknolojia hutaja kisa hiki kama mfano wa ugumu wa kumpata mwenye uvumbuzi. Mimault alikuwa na sehemu ya wazo. Kabla yake wazo hilo lilikuwa la wengine pia. Baudot hakuwa wa kwanza kutumia alama tano. Alichowazidi wenzake ni kufanya msimbo, zamu na mwendo wa pamoja vifanye kazi siku nzima katika ofisi halisi, kwenye waya halisi, mikononi mwa makarani wa kawaida.

Kuenea kwa mtambo

Mwezi Julai 1887 Baudot alifanya majaribio yaliyofaulu kwenye waya uliolazwa chini ya Bahari ya Atlantiki. Tarehe 8 Agosti 1890 aliunganisha Paris, Vannes na Lorient kwa waya mmoja. Mwezi Januari 1894 alifunga mtambo wa makarani watatu kati ya Paris na Bordeaux, kwenye njia ambayo mtambo wa Hughes ulikuwa unapata shida. Tarehe 27 Aprili mwaka huo aliunganisha soko la hisa la Paris na lile la Milano nchini Italia. Safari hiyo alitumia kifaa kipya alichokibuni cha kupokea alama zilizochoka njiani na kuzituma upya zikiwa na nguvu.

Mwaka 1897 utepe wa karatasi wenye matundu ulianza kutumika. Karani aliweza kutoboa ujumbe mapema kwa mwendo wake mwenyewe, kisha mashine ikausoma utepe na kuutuma kwa mwendo wa waya. Lawama kuhusu mapigo ya karani ikapata jibu. Mwaka huohuo Uingereza ilianza kutumia mtambo wa Baudot kwenye njia ya London na Paris, na mwaka 1900 Ujerumani ikafuata kwenye njia ya Berlin na Paris.

Ndoa, ugonjwa na kifo

Tarehe 15 Januari 1890, akiwa na umri wa miaka 44, Baudot alimwoa Marie Josephine Adelaide Langrognet. Ndoa hiyo haikudumu miezi mitatu: mke wake alifariki tarehe 9 Aprili mwaka huohuo. Miezi minne baada ya msiba ndipo alipokamilisha kazi ya Vannes na Lorient.

Tangu alipoingia katika kazi ya telegrafu afya ya Baudot haikuwa nzuri. Mara nyingi alilazimika kukosa kazi. Alifariki tarehe 28 Machi 1903 huko Sceaux, karibu na Paris, akiwa na miaka 57.

Baada ya kifo chake

Donald Murray, mzaliwa wa New Zealand, alikuwa ameanza mwaka 1901 kuurekebisha msimbo wa alama tano ili uendane na kibodi ya taipureta. Karani sasa hakuhitaji kukariri mafungu. Alibonyeza herufi na mashine ikatengeneza alama. Murray alizipa herufi zinazotumika sana mafungu yenye matundu machache, ili vyuma visichakae upesi. Aliongeza pia alama mbili za kuendesha mashine: ya kurudisha kichwa cha kuchapa mwanzo wa mstari, na ya kusogeza karatasi mstari mmoja. Alama hizo mbili ziliingia baadaye katika misimbo ya kompyuta, na barua pepe bado huzitumia kumaliza kila mstari.

Msimbo uliotokana na kazi ya Murray ulikubaliwa kimataifa kuwa alfabeti ya pili ya telegrafu, na ule wa Baudot ukabaki kuwa ya kwanza. Katika miaka ya 1920 wataalamu wa telegrafu wa nchi mbalimbali walikubaliana pia kukiita kipimo cha kasi ya alama baudi, kwa heshima yake. Mwaka 1949 Ufaransa ilitoa stempu yenye picha yake.

Katika Afrika Mashariki

Waya wa kwanza wa telegrafu wa chini ya bahari kufika Zanzibar ulilazwa mwaka 1879, enzi za Sultani Barghash bin Said, ukiiunganisha na Aden upande wa kaskazini na Msumbiji upande wa kusini. Urithi wa Baudot ulifika kwa wananchi wengi baadaye, kwa njia ya teleksi. Mashine za teleksi zilitumia alfabeti ya pili kwa kasi ya baudi 50. Kila alama ilichukua sekunde 0.02. Kwa kuwa kila herufi ilihitaji alama ya kuanzia, alama tano za ujumbe na alama moja na nusu ya kumalizia, herufi moja ilichukua sekunde 0.15.

Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza kuvunjika mwaka 1977, huduma hiyo nchini Tanzania ilikuwa chini ya Shirika la Posta na Simu. Benki, mashirika ya umma, hoteli na ofisi za serikali ziliandika namba ya teleksi juu ya karatasi zao za barua, hadi faksi na barua pepe zilipochukua nafasi yake.

Kanuni ya Baudot huweza kuelezwa kwa mfano wa reli ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Reli ya Kati ya zamani inayopita Kilosa ni ya njia moja. Treni nyingi huitumia reli hiyo moja kwa sababu hupewa zamu na kupishana stesheni. Hivyo ndivyo makarani wa Baudot walivyopishana katika waya. Kutoka Kilosa tawi la reli hushuka kupitia Mikumi hadi Kidatu, ambako hukutana na reli ya TAZARA. Hapo treni haiwezi kuendelea. Tawi la Kilosa lina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, na TAZARA ina milimita 1,067. Reli zote mbili ni nzima na mabehewa yote ni mazima, lakini kwa tofauti ya milimita 67 mzigo lazima uhamishwe. Vifaa viwili vya mawasiliano visivyokubaliana huwa katika hali hiyohiyo.

Baudot na mpangilio wa ruta

Katika mitandao ya kompyuta, kazi ya kuifanya njia moja kati ya vifaa viwili ibebe data bila kuchanganyikiwa huitwa tabaka la kiungo cha data. Tuchukue ruta mbili zilizounganishwa kwa njia ya seriali, moja ikiwa katika ofisi mjini Kilosa na nyingine Mikumi. Fundi anayezisanidi hupanga mambo yaleyale matatu ya Baudot.

Kwanza ni mwendo. Njia ya seriali huhitaji saa moja ya mapigo. Kwa kawaida mapigo hutoka kwenye kifaa cha kampuni ya simu. Ruta mbili zikiunganishwa moja kwa moja kwa waya, moja hupewa kazi ya kutoa mapigo, kwa mfano biti 64,000 kwa sekunde, na nyingine huyafuata. Ikiwa hakuna aliyepewa kazi hiyo, hakuna kitakachopita.

Pili ni namna ya kufunga data. Biti hufungwa katika mafungu yanayoitwa fremu, na ruta zote mbili lazima zitumie itifaki moja ya kufunga na kufungua. Itifaki zinazojulikana sana kwa njia za seriali ni HDLC na PPP. Katika HDLC kila fremu huanza na kuishia kwa biti 01111110. Ili data yenyewe isije ikafanana na alama hiyo, mtumaji huingiza 0 kila baada ya 1 tano mfululizo, na mpokeaji huiondoa. Baadhi ya watengenezaji wana HDLC ya kwao, isiyoelewana na ya wengine. Kwa hiyo ruta za kampuni mbili tofauti huunganishwa mara nyingi kwa PPP, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 1994 zikiwa wazi kwa wote.

Tatu ni kusahihishana. Ruta hutumiana alama ndogo kila baada ya muda mfupi, mara nyingi sekunde 10, kuthibitisha kwamba mwenzake bado yupo. Alama hizo hazibebi ujumbe wa mtu yeyote, kama ile sehemu ndogo ya duara la Baudot.

Kosa linalowasumbua wanaoanza kazi hiyo ni kuweka PPP upande mmoja na HDLC upande wa pili. Ruta huonyesha kwamba waya uko hai lakini itifaki ya njia imelala. Fundi asiyejua hubadilisha waya, kisha hubadilisha ruta yenyewe, na tatizo hubaki palepale, kwa kuwa hakuna kilichoharibika. Ni Kidatu: reli mbili nzima zisizopatana. Dawa yake ni kulinganisha mpangilio wa ncha zote mbili kabla ya kununua chochote.

Njia za simu za kidijitali zinazoitwa E1 ziko karibu zaidi na duara la Baudot. Uwezo wake wa kilobiti 2,048 kwa sekunde hugawanywa katika zamu 32 za kilobiti 64 kila moja, na zamu ya kwanza huachwa kwa ajili ya kuziweka ncha mbili pamoja. Siku hizi njia nyingi ni za nyuzi za kioo na hutumia itifaki ya Etheneti, ambayo hupanga mengi yenyewe. Hata hivyo ncha mbili bado lazima zikubaliane kuhusu kasi na ukubwa wa fremu.

Baudi na biti

Mara nyingi baudi huchukuliwa kuwa sawa na biti kwa sekunde. Hilo ni kweli pale tu ambapo kila alama inabeba biti moja, kama kwenye teleksi au kwenye waya wa kusanidi ruta. Ruta nyingi huanza na mpangilio wa baudi 9600, biti 8 za data, bila biti ya ukaguzi, na biti 1 ya kumalizia. Ukiongeza biti ya kuanzia, herufi moja huchukua biti 10, kwa hiyo njia hiyo hupitisha herufi 960 kwa sekunde. Kompyuta ikiwekwa kwenye kasi nyingine, kioo hujaa herufi zisizosomeka au hubaki kitupu.

Kwenye modemu za simu hali ni tofauti, kwa sababu alama moja huweza kubeba biti kadhaa. Modemu iliyotuma biti 9,600 kwa sekunde ilitumia baudi 2,400 tu. Kila alama ilibeba biti nne.

Urithi

Mitambo ya Baudot imebaki katika makumbusho, na teleksi nayo imetoweka karibu kote duniani. Kilichobaki ni kanuni tatu: kila herufi iwe na idadi maalumu ya biti, njia moja igawanywe kwa zamu, na sehemu ya njia itolewe ili ncha mbili ziende pamoja. Baudot aliuza medali yake ili kuzikamilisha kanuni hizo, na hakuishi kuona kompyuta hata moja. Jina lake hutajwa leo katika kila chumba cha mitambo ambako fundi huchomeka waya kwenye ruta mpya na kuulizwa na programu yake achague baudi ngapi.